Mwanya Ndio Unaochezesha Picha

Chora picha 12 za mtoto anayeruka kamba, zipange kuzunguka duara la karatasi ya manila, kisha lizungushe kwa kasi. Utaona utepe wa kijivu, mtoto hayupo. Sasa kata mianya 12 ukingoni mwa duara hilohilo, simama mbele ya kioo, geuzia michoro upande wa kioo na uchungulie kwa nyuma kupitia mianya huku duara likizunguka. Mtoto anaruka. Hakuna mstari ulioongezwa kwenye michoro. Kilichoongezwa ni mianya, pamoja na giza la kitambo kati ya mwanya mmoja na mwingine.

Hapo ndipo ningependa walimu wa sanaa waanzie. Somo la uhuishaji likianza na uhodari wa kuchora, nusu ya darasa hukata tamaa kabla kifaa hakijazunguka.

Kifaa chenyewe ni cha mwaka 1832. Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji, alikibuni mwishoni mwa mwaka huo, na karibu wakati uleule Simon Stampfer wa Vienna akabuni cha kwake bila wawili hao kushauriana. Wote walijua kazi ya Michael Faraday, aliyeeleza mwaka 1831 jinsi magurudumu mawili yenye meno, yakizunguka huku moja likitazamwa kupitia jingine, yanavyoweza kuonekana yamesimama. Kilipewa jina refu la Kigiriki, fenakistiskopu, ambalo wanafunzi wanaweza kuishi bila kulijua.

Kwa nini picha zicheze? Vitabu vingi bado vinasema jicho huishika picha kwa kitambo, ikaungana na inayofuata. Maelezo hayo hayatoshi. Kama picha zingebaki jichoni tu, zingerundikana moja juu ya nyingine na tungerudi kwenye utepe wetu wa kijivu. Mrundikano huo una kifaa chake: thaumatropu, kadi yenye nyuzi mbili iliyouzwa London mwaka 1825 na daktari John Ayrton Paris. Ndege huchorwa upande mmoja, kizimba upande wa pili. Ukizisokota nyuzi, ndege anaonekana kizimbani. Lakini hasogei. (Mchoro wa nyuma uwe kichwa chini ukiifunua kadi kama ukurasa wa kitabu, la sivyo ndege atakaa miguu juu.) Kuhusu mwendo wenyewe, Max Wertheimer alionyesha mwaka 1912, kwa mistari miwili iliyotokezwa kwa zamu, kwamba ubongo ndio unaoijaza safari kati ya kituo na kituo. Kazi ya mwanya ni kuupa ubongo vituo vilivyo wazi.

Duara lenye kipenyo cha sentimita 24 linatosha. Bikari iliyofunguliwa kwa urefu wa nusu kipenyo, ikitembezwa ukingoni, hugawa duara sehemu sita kamili. Gawa kila sehemu mara mbili upate 12. Mianya iwe na upana wa milimita 3 hivi na urefu wa milimita 25. Hapa kuna mvutano ambao wanafunzi wanapaswa kuukuta wenyewe: mwanya mpana huingiza mwanga mwingi lakini picha hufifia kingo, mwembamba hutoa picha kali lakini yenye giza. Yape makundi matatu vipimo vitatu, kisha yabadilishane maduara. Upande unaoelekea jicho upakwe rangi nyeusi. Pini ipite katikati na kukita kwenye kifutio cha penseli, nayo penseli iwe mpini. Kukata mianya kwa wembe ni kazi ya mwalimu. Na kwa kuwa mwanga unaopepesa unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, mwenye tatizo hilo asichungulie. Apewe kijitabu cha kupeperusha kurasa kwa kidole gumba, akijiona hayuko sawa aache.

Kuchora kunakuja sasa, na siri yake ni umbali. Mwambie mwanafunzi achore mpira unaodunda: karibu kila mara ataweka nafasi sawa kati ya picha, na mpira utaelea kama puto. Mpira wa kweli hupunguza mwendo ukikaribia kilele na kuongeza kasi ukishuka. Kwa hiyo picha za juu zisongamane, za karibu na ardhi ziachane. Uzito wa kitu huonekana katika nafasi hizo kabla hata rangi haijapakwa. Picha ya 12 nayo iunganike na ya kwanza, maana duara halina mwisho. Likizunguka mara moja kwa sekunde, jicho hupata picha 12 kwa sekunde, idadi ileile wanayotumia wachoraji wengi wa katuni za sinema: filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na kila mchoro hukaa fremu mbili.

Wale wepesi wape kazi ya ziada ambayo mimi huiona tamu kuliko zote: mianya 12, picha 13. Duara likisogea mwanya mmoja, yaani nyuzi 30, picha inayofuata huwa imepita kidogo mahali pa mwenzake, hivyo michoro yote hutambaa kuelekea linakozunguka duara. Zikiwa 11, hutambaa kinyume. Ni sababu ileile inayofanya magurudumu ya gari katika filamu yaonekane yakirudi nyuma, na mwalimu wa hisabati angefurahi kualikwa siku hiyo.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu atumie cha kwanza kukata na kuchora kidoti kimoja kinachopanda na kushuka. Cha pili, kila mtu achore anachotaka. Alama zitolewe duara likiwa linazunguka mbele ya kioo, si likiwa limelala mezani.