Tusiwadharau wachoraji wa mashujaa wa karatasi

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nimemlea kwa miaka mingi. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha pili kitabu cha katuni kilichokuwa kimechakaa na kupoteza jalada, pamoja na daftari ambamo alikuwa ameinakili michoro yake kwa penseli. Vyote viwili nilivitia katika moto wa jiko la shule. Kijana yule hakulia wala hakunijibu kwa ujeuri. Aliniambia tu, "Mwalimu, naomba daftari libaki." Nilikataa, nikadhani nimetimiza wajibu wangu.

Miaka kadhaa baadaye, nikichambua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara jijini Nairobi, nilikutana na mchoro ambao niliutambua mara moja. Shujaa amefunikwa na lundo la mitambo ya chuma, maji yanavuja kutoka juu, na dawa inayoweza kumponya shangazi yake iko mbele yake, asipoweza kuifikia. Ndio mchoro ambao mwanafunzi wangu alikuwa ameurudia mara tatu katika daftari lile. Nilikinunua kitabu kile, nikakisoma, na kwa mara ya kwanza maishani nikakitazama.

Kisa hicho kilitoka katika toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, la Februari 1966, na mchoraji wake ni Steve Ditko. Hebu mwalimu mwenzangu azingatie ufundi wake. Mwanzoni visanduku vya picha ni vidogo na vyembamba, kana kwamba msomaji naye amebanwa. Kadiri shujaa anavyojikakamua, visanduku vinapanuka, hadi anapolitupa lile lundo na mchoro mmoja ukajaza ukurasa mzima. Hakuna insha iliyowahi kunieleza maana ya kilele cha hadithi kwa uwazi kama huo. Mimi niliyefundisha fasihi nilikuwa nimelitupa somo langu mwenyewe motoni.

Ikumbukwe kwamba wachoraji hao hawakuwa na vifaa vya anasa. Vitabu vyao vilichapwa kwenye karatasi duni ya magazeti, na rangi zote zilitokana na wino wa aina nne tu, uliopangwa kwa vitone vidogo vidogo. Picha moja ilipita mikono kadhaa: wa kwanza alichora kwa penseli, wa pili akaandika maneno, wa tatu akapitisha wino, na wa nne akachagua rangi. Dhiki hiyo ndiyo iliyozaa ufundi. Mstari ulilazimika kuwa mnene na wa hakika, na vazi la shujaa kuwa la rangi kali zisizochanganyika, ili mtoto aweze kumtambua kwa kutupa jicho.

Mathalan, mtazame Jack Kirby, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi aliyezaliwa New York mwaka 1917. Akishirikiana na Joe Simon, alichora jalada la Captain America akimtandika Hitler ngumi ya taya. Jalada hilo lilifika madukani mwishoni mwa mwaka 1940, takriban mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani. Ngumi za Kirby zinaelekea kutoboa karatasi na kumfikia msomaji. Mwaka 1966, yeye na Stan Lee walimleta Black Panther, mfalme Mwafrika mwenye elimu na mitambo iliyowashangaza wageni wake. Sisemi kwamba vitabu vya zamani havina dosari. Vingi vilimchora Mwafrika kama mshenzi au kichekesho, na mwalimu anayevitumia hana budi kuwaonyesha wanafunzi tusi hilo waziwazi.

Si mimi peke yangu niliyewasha moto. Mwaka 1948, katika miji kadhaa ya Marekani, watoto wa shule walihimizwa kukusanya vitabu vya katuni na kuviteketeza hadharani. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham aliandika kitabu akidai kwamba katuni huwafanya vijana kuwa wahalifu, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Hata hivyo, mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amebadilisha baadhi ya maelezo ya vijana aliowataja. Wazee waliamini ushahidi uliopindwa, kwa sababu tayari walikuwa wamekwisha kuhukumu.

Lakini dharau haikuwa ya walimu na wazazi peke yao. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130 mwaka 1938, na toleo la kwanza likauzwa kwa senti 10. Superman alizalisha mali nyingi, ilhali Shuster alizeeka katika ufukara, macho yakififia. Ni mwaka 1975 tu, baada ya malalamiko ya hadharani, ndipo wenye kampuni walipokubali kuwalipa wawili hao pensheni na kurejesha majina yao kando ya kazi yao. Mwaka 2012 hundi iliyobeba malipo yale ya dola 130 ilinadiwa kwa dola 160,000, na mwaka 2024 nakala moja ya toleo lile la kwanza ikauzwa kwa dola milioni 6. Karatasi ilithaminiwa kuliko mkono ulioichora.

Hapa kwetu pia tuna la kujiuliza. Juha Kalulu wa Edward Gitau hakuwa na misuli ya chuma wala hakupaa angani, lakini aliwachekesha wasomaji wa Kiswahili kwa miongo mingi. Ni wanafunzi wangapi leo wanaomjua aliyemchora? Ni maktaba ngapi za shule zilizohifadhi hata ukurasa mmoja? Mwaka 2008 kurasa 24 ambazo Ditko alichora kwa mkono wake, zikiwemo za kisa cha kwanza cha Spider-Man cha mwaka 1962, zilikabidhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Zinatunzwa huko kama nyaraka za taifa. Zetu hufungiwa nyama na sukari.

Kwa walimu wenzangu, nasihi yangu ni fupi. Ukimkamata mwanafunzi na katuni wakati wa hesabu, ichukue, kisha umrudishie jioni. Siku nyingine yafunike maneno yote katika ukurasa mmoja, uwaambie wanafunzi wayaandike upya kwa Kiswahili sanifu, uone watakavyoshindana. Nanyi wanafunzi, nakilini bila haya, kwani kunakili ni mlango wa ufundi, ila msibaki mlangoni.

Kitabu nilichokinunua kando ya barabara ningali nacho. Daftari la kijana yule siwezi kulinunua popote.