PICHA MOJA, MATABAKA MENGI

Katika nyumba nyingi za askari, iwe kambini au uraiani, haikosi picha moja iliyotundikwa ukutani: baba amevaa sare, viatu vinang'aa, wala uso haucheki. Siku hizi vijana wetu hupenda kuzitia picha za namna hiyo katika filamu za arobaini, za harusi au za kustaafu. Ni jambo jema, lakini wengi hukosea kama nilivyokosea mimi. Kwa hiyo nimeona vema nieleze.

Marehemu baba yangu alikuwa polisi. Picha yake ya ujana iliyobaki ni moja tu: amesimama na mwenzake mbele ya kituo, na nyuma yao pana mwembe. Nilitaka katika filamu baba asogee mbele polepole, mwembe ubaki mbali.

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1926 Bibi Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa filamu ya Mwanamfalme Achmed, aliyoitengeneza kwa vivuli vya karatasi vilivyolazwa juu ya vioo, kamera ikitazama kutoka juu. Mwaka 1937 studio ya Walt Disney ilitumia kamera kubwa ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine katika filamu ya Snow White. Mti wa karibu ulisogezwa upesi, mlima wa mbali ukasogezwa pole, na jicho likaamini kwamba pana umbali. Ndivyo aonavyo abiria wa basi: milingoti ya simu hupita mbio, vilima vya mbali huonekana kama vinafuatana naye. Mwaka 1994 programu ya Photoshop iliongezewa matabaka, na tangu hapo kazi ya vioo vile huweza kufanyika ndani ya kompyuta.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwanza, piga nakala ya picha kwa ukubwa wa kutosha. Filamu nyingi za leo zina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ukitaka kuisogeza picha karibu mara mbili bila kufifia, iwe na nukta 3840 kwa 2160. Pili, kata kila kitu ukiweke katika tabaka lake na kulipa jina: baba, mwembe, kituo. Tatu, jaza pengo lililoachwa nyuma ya mtu uliyemkata, ama sivyo shimo litaonekana atakaposogea. Nne, tumia rangi za mwanga, yaani nyekundu, kijani na buluu, si rangi za wino wa mtambo wa chapa. Mwisho, hifadhi faili katika namna ya PSD inayotunza matabaka. Namna ya JPEG huyabana yote kuwa karatasi moja.

Ukiingiza faili hiyo katika programu ya kuhariri kama Premiere, utaulizwa swali: yaunganishwe matabaka yote, au yale uliyoyachagua, au yaletwe moja moja, au yaje yamekwisha kupangwa kwa mfululizo? Mimi kwa haraka niliunganisha yote. Basi baba aliposogea, mwembe na kituo navyo vikamfuata! Nikarudia, nikachagua mfululizo, na kila tabaka likakaa katika njia yake. Nikamkuza baba kidogo zaidi kuliko mwembe, na kweli akasogea.

Nikamwonyesha mama kwa furaha. Alitazama kimya, kisha akauliza, "Mkono uko wapi?"

Sikuelewa. Akaichukua picha ya ukutani, akanionyesha. Mwenzake baba alikuwa ameweka mkono juu ya bega lake. Mimi wakati wa kukata nilidhani ni doa la uzee wa karatasi, nikaufuta.

"Mwanangu," akasema mama, "huyu ndiye aliyembeba baba yako siku alipoumia kazini. Usiwatenganishe."

Nilishukuru kwamba nilikuwa nimetunza nakala ya kwanza bila kuigusa, kwani katika faili niliyoikata mkono haukuwapo tena. Nikaanza upya, nikawaweka wazee hao wawili katika tabaka moja. Siku ya kumbukumbu walisogea pamoja, na mama akalia, kisha akatabasamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujashika kalamu ya kukatia, keti na wazee uitazame picha pamoja nao. Kompyuta huweza kutenga chochote uiamuruyo, lakini haijui nani alikuwa nani kwa nani. Mama anajua, na kuuliza si ujinga.