Ushuru wa Nyumba za Kupangisha: Njia Gani Itakufaa?



Katika vikundi vingi tunavyotembelea, mikopo ya kikundi na ya sacco imezaa nyumba za kupangisha. Wengine wamejenga vyumba vya wanafunzi Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Wengine wana ploti Kaptembwa, Rhonda au Free Area. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini vyumba vikianza kuleta pesa, swali la ushuru hufuata, na hapo wengi wetu hufuata tu alivyosema jirani.

Mama mmoja aliniambia, "Mimi nalipa kila mwezi. Sikujua kuna njia nyingine." Njia nyingine ipo. Tuitazame pole pole. Katika makala hii, "kodi" ni pesa anayolipa mpangaji, na "ushuru" ni ule wa serikali.

1. NJIA MBILI

Njia ya kwanza: Unalipa sehemu ya kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama hata moja. Njia hii ilianza Januari 2016 kwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha hadi asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Ni ya nyumba za kuishi watu, ambazo kodi yake kwa mwaka imezidi shilingi 288,000 na haizidi milioni 15. Unaandikisha na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo ukishalipwa, kodi hiyo haitozwi tena mwisho wa mwaka.

Njia ya pili: Unatoa gharama kwanza, halafu unatozwa ushuru kwa faida inayobaki. Hapa viwango hupanda: asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30, na zaidi kwa matajiri. Halafu unapunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka, nafuu ya kila mlipa ushuru. Fomu hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni mwaka unaofuata.

Sheria inakuweka kwanza katika njia ya kwanza. Ukitaka ya pili, ni lazima umwandikie Kamishna wa ushuru kumjulisha. Usinyamaze tu na kuacha kulipa kila mwezi. Hilo ni kosa.

2. TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa vyumba 12, kila kimoja shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 504,000. Kwa njia ya kwanza ushuru ni shilingi 37,800, uwe na deni au usiwe nalo. Sasa tuone njia ya pili kwa watu watatu.

Mama mwenye mkopo, asiye na pato lingine. Amelipa riba 130,000, maji na kuzoa taka 60,000, ukarabati 54,000, na ada ya ardhi ya kaunti 6,000. Jumla 250,000. Faida ni 254,000, na asilimia 10 yake ni 25,400. Akitoa ile nafuu ya 28,800, hadaiwi kitu. Kwa njia ya kwanza angelipa 37,800. Jamani, hiyo si karo ya mtoto?

Mzee aliyemaliza mkopo. Hana riba wala ukarabati mwaka huu. Gharama ni 66,000 tu. Faida ni 438,000, na ushuru baada ya nafuu ni 40,000. Afadhali abaki njia ya kwanza. Atalipa pungufu, na hana haja ya kutunza risiti nyingi.

Mwalimu mwenye mshahara. Gharama zake ni sawa na za yule mama, lakini mshahara wake wa kutozwa ushuru umepita 32,333 kwa mwezi, na nafuu yake imekwisha kutumika huko. Faida yote ya 254,000 itatozwa asilimia 30, yaani 76,200. Huyu akimwiga mama atapoteza 38,400! Mtu kama yeye afikirie njia ya pili ikiwa tu gharama zinakula zaidi ya robo tatu ya kodi.

Mnaona basi: ploti ni zile zile, lakini jibu si moja. Usiulize jirani analipa nini. Uliza hesabu yako.

3. BILA KARATASI HAKUNA GHARAMA

Njia ya pili ni ya mwenye kutunza karatasi. Tangu Januari 2024 risiti za matumizi zinatakiwa ziwe zimetoka katika mfumo wa eTIMS, na karatasi ya mkono ya fundi inaweza kukataliwa. Yule mama akikataliwa ukarabati peke yake, tayari anadaiwa 5,000. Muulizeni fundi kuhusu risiti kabla hajaanza kazi, si baadaye. Kwa riba, ombeni benki au sacco taarifa ya mkopo ya mwaka.

Hapana sahau: riba ndiyo gharama. Pesa za mkopo wenyewe unazorudisha si gharama. Wala kujenga chumba kipya si ukarabati.

4. ANGALIENI PIA

Duka lililo mbele ya ploti si nyumba ya kuishi. Kodi yake huenda njia ya pili daima. Na kama nyumba ni mali ya kikundi, msitumie hesabu hizi za mtu mmoja. Ulizeni kwanza ofisi ya ushuru ya Nakuru. Viwango pia hubadilika, kwa hivyo hakikisheni kila mwaka.

Katika Luka sura ya 14, Bwana wetu anatukumbusha mtu anayetaka kujenga mnara: hukaa kwanza akahesabu gharama. Nasi tukae tuhesabu, ili tulipe kilicho haki, bila kukwepa na bila kupoteza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI
1. Ni wangapi kati yetu wanajua wako njia gani?
2. Risiti za mwaka huu ziko wapi sasa hivi?
3. Nani kikundini anaweza kuwasaidia wengine kupiga hesabu kabla ya Juni?