Picha Inayokwama, Sauti Inayokwaruza: Kukagua Kinasa cha Michezo ya Video Kabla ya Kukirudisha Dukani

Kifaa cha kunasia michezo ya video, ambacho madukani hujulikana zaidi kama kapcha kadi, huunganishwa kati ya mashine ya gemu na kompyuta ili mchezo unaochezwa urekodiwe au urushwe mubashara. Malalamiko yanayohusu kifaa hiki ni ya namna mbili: picha hukwama-kwama, na sauti hukwaruza, hupotea au huachana na picha. Mlaji huweza kudhani kuwa ameuziwa kifaa kibovu. Muuzaji naye huweza kumjibu kwamba kompyuta yake ni dhaifu na anunue nyingine. Kauli zote mbili zaweza kuwa na makosa, na kila moja ina gharama zake. Katika makala haya tunaeleza hatua za kuutafuta ukweli bila kumwita fundi, na tunabainisha haki za mlaji pale kasoro inapothibitika kuwa ya kifaa.

Boksi linaahidi nini?

Alama ya "4K" kwenye boksi haina maana kwamba kifaa hurekodi picha ya kiwango hicho. Huenda kinaipokea tu na kuipitisha hadi kwenye televisheni, kisha hurekodi picha ndogo zaidi. Kwa hiyo mlaji asome sehemu inayotaja kurekodi, na atazame mambo mawili: ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde.

Aina ya USB nayo ina uzito. Picha ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde, ikiwa haijabanwa, hubeba takriban biti bilioni 2 kila sekunde. Kikomo cha USB 2.0 ni biti milioni 480 kwa sekunde, na cha USB 3.0 ni biti bilioni 5. Kifaa cha USB 2.0 hulazimika kuibana picha kabla ya kuituma, na vingi vya bei nafuu hutoa fremu 30 tu katika 1080p. Kifaa cha namna hiyo kikirekodi gemu ya fremu 60, mwendo hautakuwa laini hata kama kifaa ni kizima. Hata hivyo, ikiwa boksi liliahidi kurekodi fremu 60, mlaji ana hoja ya msingi.

Tunatahadharisha pia kwamba rangi ya buluu ndani ya kichwa cha USB si ushahidi wa USB 3.0. Vipo vifaa vyenye rangi hiyo ambavyo kwa ndani ni USB 2.0. Mlaji amwombe muuzaji aandike kwenye risiti uwezo halisi wa kurekodi.

Picha inapokwama

Fuata hatua hizi kwa mpangilio, ukibadilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua lipi lilikuwa chanzo.

1. Tazama televisheni iliyounganishwa kwenye tundu la kutolea picha la kinasa. Picha ikikwama huko pia, unganisha mashine ya gemu moja kwa moja na televisheni. Ikiendelea kukwama, chunguza waya wa HDMI au mashine yenyewe.

2. Chomeka kinasa moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kifaa cha kuongeza matundu ya USB. Tumia waya uliokuja nacho, kisha jaribu tundu jingine. Diski ya nje inayotumia njia moja na kinasa huweza kuinyima picha nafasi.

3. Linganisha idadi ya fremu. Mashine ikitoa fremu 60, programu ya kurekodi iwekwe 60, au 30 ambayo ni nusu kamili. Fremu 50 zikirekodiwa kwa 60, baadhi hurudiwa na picha huruka kwa mpangilio unaojirudia. Zima pia 120 Hz na mpangilio wa kasi ya skrini inayobadilika, kwa kuwa vinasa vingi havivimudu.

4. Soma takwimu za programu. OBS Studio, programu ya bure, ina dirisha linaloonyesha hesabu tatu za fremu. Zikipotea katika uchoraji wa picha, kadi ya picha ya kompyuta imeelemewa. Zikirukwa katika ubanaji, kompyuta inashindwa kubana picha kwa wakati: punguza ukubwa wa picha, au chagua ubanaji unaofanywa na kadi ya picha badala ya prosesa. Zikidondoka katika mtandao, kosa ni la intaneti, na kinasa hakihusiki.

Kompyuta mpakato iunganishwe na umeme wakati wa majaribio, kwa sababu nyingi hupunguza nguvu zinapotumia betri.

Majaribio yote yafanywe kwa kurekodi kwenye diski, si kwa kurusha mubashara. Matangazo ya kilobiti 6,000 kwa sekunde humaliza takriban GB 2.7 kwa saa moja, na hakuna sababu ya mlaji kupoteza bando kwa jambo linaloweza kupimwa bila intaneti.

Hali mbili hudhaniwa kuwa ubovu ilhali sivyo. Ya kwanza ni skrini nyeusi: PlayStation 4 na PlayStation 5 zina ulinzi wa picha uitwao HDCP, ambao huzimwa katika mipangilio ya mashine ili mchezo urekodiwe. Ya pili ni picha ya kwenye kompyuta kuchelewa kidogo nyuma ya pedi. Hilo ni la kawaida, na mchezaji anapaswa kucheza akitazama televisheni.

Sauti inapoharibika

Kila dalili ya sauti ina mahali pake pa kuanzia.

Sauti isiposikika kabisa, weka mashine ya gemu itoe sauti ya PCM ya njia mbili badala ya sauti iliyobanwa ya mfumo wa sinema. Kisha hakikisha Windows imeiruhusu programu kutumia maikrofoni, kwani sauti ya kinasa huhesabiwa humo kama maikrofoni.

Sauti ikikwaruza, linganisha kasi ya sampuli. Sauti ya HDMI kutoka mashine za gemu kwa kawaida ni 48,000 Hz. Iwapo Windows au programu ya kurekodi imewekwa 44,100 Hz, weka zote 48,000. Vipo pia vinasa vya bei nafuu vinavyojitambulisha kwa kompyuta kuwa vina njia moja ya sauti ya 96,000 Hz, ilhali kwa kweli hutoa njia mbili za 48,000 Hz. Hiyo ni kasoro ya kifaa, hata kama programu fulani huweza kuirekebisha.

Sauti ikisikika mara mbili kama mwangwi, huenda inaingia kwa njia mbili: kupitia kinasa, na tena kupitia spika za kompyuta. Nyamazisha njia moja.

Sauti ikitangulia picha kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, weka ucheleweshaji wa sauti katika programu. Lakini ikiwa inaachana na picha kidogo kidogo, saa za ndani za vifaa viwili hazilingani. Tofauti ya sehemu 100 katika milioni huzaa sekunde 0.36 kwa saa moja, kiasi kinachotosha midomo isilingane na maneno. Rekodi kwa vipindi vifupi, na hakikisha sauti na picha vyote vinatoka kwenye kinasa kilekile.

Jaribio la kuamua

Baada ya hatua hizo, peleka kinasa kwenye kompyuta nyingine, kwa waya mwingine, ukitumia gemu ileile na mipangilio ileile. Kasoro ikikifuata kinasa, tatizo ni la kinasa. Ikibaki kwenye kompyuta ya kwanza, kukirudisha dukani hakutasaidia. Andika tarehe na matokeo, na urekodi video fupi inayoonyesha kasoro.

Haki ya mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ikiwa boksi au muuzaji aliahidi uwezo ambao kifaa hakina, mlaji anayo haki ya kulalamika hata kama kifaa kinawaka na kufanya kazi.

Rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na risiti ya kielektroniki, boksi, vifaa vyote vilivyokuja nacho na kumbukumbu za majaribio. Usifungue skrubu za kifaa, maana muuzaji huweza kudai kwamba umekiharibu wewe. Eleza kasoro kwa maneno mahususi: "Boksi linasema fremu 60 katika 1080p, nimejaribu kompyuta mbili na nimepata 30." Kauli kama hiyo ni ngumu kukanushwa kuliko kusema kifaa ni kibovu.

Tangazo la dukani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi lisimkatishe mlaji tamaa. Asiposikilizwa, aandike malalamiko yake na kuyawasilisha Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti na matokeo ya majaribio. Nakala halisi abaki nazo mwenyewe.