Mtoto Kumlilia Aliyemlea: Ni Deko au Ni Haki Yake?



Tunaulizwa sana: wazazi wameachana, mtoto amelelewa na bibi yake, kisha baba amemchukua, naye analia kila usiku. Je, amedekezwa?

Wataalamu wa uchambuzi wa nafsi walilitazama jambo hili zamani. Sigmund Freud wa Vienna alisema mtoto huzaliwa hajiwezi, hivyo moyo wake humshika anayemlinda, na athari yake hubaki ukubwani. John Bowlby wa Uingereza akaona kushikamana huko ni haja ya maumbile, si tamaa ya chakula tu. Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama na watoto karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akaona kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali naye, kwani anajua pa kurudi.

Hata wanyama wana funzo. Mikumi, wilayani Kilosa, majangili waliua tembo wengi kabla ya biashara ya pembe kupigwa marufuku mwaka 1989. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa majike waliobaki bila wakongwe wao na jamaa wa karibu walikuwa na dhiki zaidi mwilini, na walizaa kidogo.

Freud alikosea alipodai, mwaka 1927, kuwa Mungu ni baba aliyekuzwa na mawazo ya wanyonge. Kuhitaji kitu si dalili kwamba hakipo. Mwenye kiu hakuyabuni maji. Tena sisi hatumwiti Mwenyezi Mungu baba. Mtume wetu alifiwa na baba kabla ya kuzaliwa, mama akiwa na miaka 6, babu akiwa na miaka 8. Hata hivyo alimuenzi Ummu Ayman, aliyemlea, kama mama.

Sharia imeizingatia haja hii. Katika madhehebu ya Shafi, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya hadhana mpaka mtoto afikie kupambanua, kiasi cha miaka 7. Kisha mtoto huchagua. Mama akikosekana, bibi mzaa mama humfuatia.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msimkemee mtoto huyo. Kama lazima ahame, ahamishwe kwa taratibu, wala asizuiwe kumuona bibi yake. Machozi yake ni shukrani ya malezi.

Wallahu a'lam.