Rada yapimaje mafuta ndani ya tangi?

Katika bandari ya Mina al Fahal, mjini Maskati, ambako Oman ilianza kusafirisha mafuta ghafi mwaka 1967, vyombo vya kupimia hukabiliwa na joto ambalo wakati wa kiangazi huvuka nyuzi 40, pamoja na hewa ya chumvi itokayo baharini.

Swali wanaloulizwa wahandisi ni jepesi kulitamka: mafuta yaliyomo tangini yamefika wapi?

Kulijibu vibaya ni hatari. Desemba 11, 2005, huko Buncefield, Uingereza, kipimo cha tangi la petroli kilikwama huku petroli ikiendelea kuingia, na swichi ya tahadhari nayo haikufanya kazi. Tangi lilifurika, mvuke wa petroli ukalipuka, na watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Mwangwi wa mawimbi

Rada hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga uso wa kimiminika hurudi kama mwangwi. Muda wa safari hiyo ndio unaoonyesha umbali. Uso ulioko mita 15 chini hurudisha mwangwi kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Ziko aina mbili: rada inayotuma mawimbi hewani bila kugusa kitu, na ile inayoyaongoza kwa ufito au waya uliozamishwa.

Upi uchaguliwe?

Maji huakisi mawimbi vyema, mafuta huyaakisi kidogo tu. Kwa mafuta mepesi yaliyo safi, ufito uliomo ndani ya bomba hutoa mwangwi wenye nguvu zaidi. Lakini katika mafuta mazito yenye nta au mchanga, bomba hilo huziba. Hapo hufaa ufito mmoja ulio wazi.

Mafuta yanapoelea juu ya maji, ufito huweza kuonyesha nyuso zote mbili, kwa kuwa sehemu ya mawimbi hupenya hadi majini. Palipo na pangaboi la kukorogea, waya huweza kukatika. Afadhali rada isiyogusa.

Penye asidi, ufito huvikwa Teflon. Ndani ya boila, kizibo cha mpira hakidumu, hivyo hutumika cha kauri. Tena mvuke wenye shinikizo kubwa huyachelewesha mawimbi, maji yakaonekana yako chini kuliko yalivyo, na kipimo hakina budi kusahihishwa.

Hata hivyo, hakuna ufito unaostahili kuaminiwa peke yake. Funzo la Buncefield ni kwamba kengele ya tangi kujaa yapasa kuwa na kipimo chake yenyewe, kinachojaribiwa mara kwa mara.