Chatu Akimeza Matandiko

Ng'ombe wa Nyaishozi hula majani wakanenepa. Lakini chatu ni mla nyama, na tumbo lake haliwezi kuyayeyusha. Wako watu wafugao nyoka vizimbani, kama huko Meserani karibu na Arusha. Pengine chatu afugwaye hutandikiwa majani makavu au maranda ya mbao. Akikamata panya, matandiko hushikamana na manyoya, naye huyameza pamoja.

Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni. Basi mfugaji asiyavute yaliyokwisha kuingia, asije akamjeruhi. Yakiwa machache, hutoka pamoja na choo. Lakini akivimba tumbo, au akitapika, au asipopata choo, apelekwe upesi kwa daktari wa wanyama. Tena yafaa alishwe mahali pasipo matandiko.